Mfuko wa Kushoto

Tymek hapimiki akiwa macho.
Ukimwekea tepu mgongoni anageuka tramu,
ngri! ngri! anapita chini ya meza
na kushusha abiria wote jikoni.
Kwa hiyo nampima usiku, amelala kifudifudi:
kiuno hamsini na mbili; mguu, subiri,
amekunja goti. Naandika kwa chaki
kwenye ubao wa kitanda: mguu, kama hivi.

Waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo
hawakumshonea suruali.
Mimi nimpimavyo sivyo akuavyo.

Ni Novemba hapa Łódź. Saa kumi alasiri
giza limeshajaa uani kama maji ya kufulia jinzi.
Ng'ambo ya barabara, kiwanda cha nguo
alichokitumikia bibi yangu Genowefa
miaka thelathini na mmoja
siku hizi kinauza viatu na tiketi za sinema,
matofali yake mekundu yamesuguliwa yakatakata.
Bibi alisema masikio yake aliyaacha mle ndani,
kwenye safu ya tatu ya mitambo.
Mezani tulimpigia kelele: Bibi! Chumvi!
Naye akitusoma midomo, akicheka,
akitupa sukari.

Aliniachia cherehani ya chuma,
nzito kama mbuzi aliyegoma,
na mkebe wa vifungo. Vinne ni vya koti la babu,
dereva wa tramu namba kumi,
vya shaba, vina mikwaruzo.

Leo nakata suruali ya Radek, ya kodroi,
iliyochoka magotini tu; mapaja bado mazima.
Yeye yuko na lori lake, Rotterdam
au karibu na Rotterdam,
hajui bado.
Suruali moja ya baba inazaa moja ya mtoto
na kofia moja ndogo, ukikata kwa uchoyo.

Jagna, miezi kumi, amekaa chini
akikumbatia kanyagio. Nikikanyaga, anacheka;
nikiacha, analia. Basi nashona mishono
isiyohitajika, mistari mitupu kwenye kitambaa kibovu,
ili nimalize kupika mawazo yangu.
Jana nilimkuta na uzi mwekundu mdomoni.
Nikauvuta polepole. Ukaja.
Ukaja. Ukazidi kuja. Nikajiuliza
kama mwishoni ningekuta sindano
au mtoto mwingine.
Ulikuwa uzi tu. Nilikaa sakafuni robo saa nzima.

Saa saba usiku nagundua mguu wa kulia
umeshonwa kinyume, vinyweleo vya kodroi
vinatazama ndani.
Kufumua ni kazi ya kiwembe na matusi ya chinichini.
Mshono ulionichukua saa nzima
unafumuka kwa dakika tano, kama porojo,
na uzi wake uliojikunja
siwezi kuutupa, siwezi kuutumia.

Pindo nimeficha sentimita nane,
akiba ya mwaka ujao, kama mungu akipenda
na kama magoti yakipenda.

Tymek aliomba kitu kimoja tu:
mfuko wa kuingia kokwa kumi na moja,
zile za kahawia zinazodondoka bustanini,
zisizolika, zinazong'aa kama viatu vya paredi.
Kwa nini kumi na moja? Alinitazama
kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana pua.
Basi nimemkatia mfuko wa kushoto
mrefu hadi gotini,
nikaufunga kwa kifungo kimoja cha babu.

Asubuhi anakwenda shule ya chekechea
ameinamia upande mmoja, anagongagonga,
kila hatua kokwa zinajibizana.
Mwalimu Halszka anachuchumaa,
anagusa kodroi: Nani amekushonea hii?

Cherehani ya bibi, anasema.
Mama alikuwa anashika kitambaa.

Ni kweli.
Nilishika kitambaa.